Kwa Mwanaidi, kuhusu majibu ya damu ya Baba

Dar es Salaam, Jumatano

Mwanaidi shoga yangu,

Pole na kumuuguza Baba na hiyo divertikulitisi yake, yaani uvimbe wa vijifuko vya utumbo mpana. Picha za majibu ya Baba nimezipata. Unauliza iweje CRP, kile kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, iwe 38 Jumapili usiku, halafu Jumanne asubuhi iwe 186, na kaka yako anashikilia kwamba maabara wamechanganya sampuli. Sidhani. Ningekuwa mimi niko zamu, majibu hayo ningeyapitisha bila wasiwasi.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Vile vijifuko vya utumbo mpana vikishapata uvimbe, chembe za kinga humwaga kitu kinaitwa interlukini-6, na ini likikipata ndipo linaanza kazi. Huchukua saa sita hadi nane kabla damu haijaonyesha chochote cha maana, na kilele hufika baada ya kama siku mbili. Baba alianza kuumwa Jumapili mchana, damu ikatolewa usiku ule ule. Aliyeiona 38 akasema "afadhali" aliharakisha.

Chembe nyeupe za damu, zile za kinga, kuwa 13.2 usikuhangaikie sana. Ni kweli mwisho wa kawaida ni kama 11, lakini Baba anameza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kila siku kwa ajili ya baridi yabisi, na dawa hiyo peke yake huzipandisha hata pasipo ugonjwa mwingine. Kinachonitia hofu kwenye prednisoloni ni kingine: inafunika homa na maumivu, na inaongeza uwezekano wa utumbo kutoboka. Kwa mtu wa namna hiyo, tumbo kuwa laini linapobonyezwa halinitulizi. Na zile diklofenaki, dawa za maumivu ya magoti, anazonunua duka la dawa, amewaambia madaktari? Namjua Baba, hajawaambia. Waambie wewe, maana nazo zina mchango wake kwenye kutoboka.

Sasa hiyo 186. Kuna utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2013 ninaoupenda kwa sababu haukuzunguka. Wagonjwa wa divertikulitisi waliokuwa na CRP ya 25 bado 15 katika kila 100 walikuwa na matatizo makubwa kama jipu au kutoboka. Kwenye CRP ya 100 walikuwa 23 katika kila 100, na kuanzia CRP ya 250 walifika 47. Yaani hata huko juu kabisa ni karibu nusu kwa nusu. Mpaka waliouona unafaa ulikuwa 175: aliye chini yake kwa kawaida yuko salama, ila kati ya waliouvuka ni kama theluthi tu waliokuwa na hali mbaya. Kwa hiyo 186 haikusema utumbo umetoboka. Ilisema mpelekeni mzee kwenye CT, ile picha ya eksirei ya kompyuta, leo, msingoje kesho, na namshukuru daktari aliyeielewa hivyo. Kwa mgonjwa anayetumia prednisoloni mimi ningempeleka hata kwa ile 38.

CT ndiyo iliyotoa jibu: jipu dogo pembeni ya utumbo, usaha haujasambaa tumboni. Madaktari wa upasuaji huyapanga haya kwa ngazi nne za Hinchey, tangu 1978. Baba yuko ya kwanza. Ya tatu na ya nne ndizo za kukimbizwa chumba cha upasuaji.

Binamu yako aliyesoma kwamba siku hizi ugonjwa huu hautibiwi kwa antibayotiki hakudanganya. Sweden na Iceland waliwapima wagonjwa 623, matokeo yakatoka 2012, na antibayotiki hazikuwaongezea nafuu. Lakini wale walikuwa na uvimbe mtupu, bila jipu. Kwa Baba dripu ya antibayotiki iendelee, na binamu apumzike kidogo.

Kuanzia sasa angalia mwendo wa namba. Chanzo kikitulia, CRP hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi, kwa hiyo dawa zikifanya kazi utaiona inaporomoka ndani ya siku mbili tatu. Ikigoma pale pale, au ishuke kisha ipande tena, muulize daktari wa upasuaji kama CT irudiwe, hata Baba akisema hajambo. Damu ipimwe maabara ile ile. Mkilazimika kwenda nyingine, soma kipimio kilichoandikwa pembeni ya namba: wapo wanaotoa kwa mg/L na wapo wanaotoa kwa mg/dL, na 18.6 ya hawa ni 186 ya wale. Nimeshaona familia ikishangilia nafuu ambayo haikuwepo.

Prednisoloni asiikatishe ghafla kwa kuogopa niliyoyaandika hapa. Mwili ulioizoea huweza kuanguka. Wodini wakumbushe kila zamu inapobadilika.

Akishatoka, wiki sita hadi nane baadaye atahitaji kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, kwa sababu saratani ya utumbo mpana inaweza kujificha nyuma ya picha kama hii. Atakataa. Mtume Mama Mdogo akamwambie, ndiye pekee anayemsikiliza.

Majibu ya kesho yakitoka nitumie, hata usiku. Niko zamu.

Wako,
Rehema