Barua kwa Mjomba: Kitoe Kihisi Kabatini Kabla ya Ramadhani

Shikamoo Mjomba,

Mkaza mjomba ameniambia kuwa kile kihisi cha sukari ulicholetewa na mwanao, kidude cha kubandika kwenye ngozi kinachoonyesha sukari kwenye simu, kingali ndani ya boksi lake kabatini, na kwamba bado unajipima mara moja tu kwa siku, alfajiri, kabla ya kutia kitu mdomoni. Nakuandikia waziwazi kwa sababu wajomba wengi hapa Mombasa wanafanya hivyo hivyo.

Kipimo cha alfajiri ni cha kweli, lakini hakijui yanayotokea baada ya staftahi. Nilipobandika kihisi kwa mara ya kwanza, sukari yangu iliyokuwa milimoli 6.4 kwa lita nilipoamka ilipanda hadi 13.8 baada ya mahamri manne na mbaazi za nazi, ikateremka kabla ya adhuhuri, na kwa miaka yote ya kutoboa kidole sikuwahi kuiona safari hiyo. Kesho yake nilikula mahamri mawili, kisha nikatembea kutoka Kibokoni hadi Mama Ngina na kurudi. Mstari kwenye simu haukufika 10. Sikuacha chakula cha kwetu, Mjomba. Nilijua tu kiasi chake.

Hata hivyo usitupe mashine ya kidole. Kihisi hakipimi damu yenyewe, bali majimaji yaliyo chini ya ngozi, ambayo huweza kuchelewa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15. Usiku mmoja simu ililia saa tisa ikionyesha 3.1. Niliketi kitandani na kikombe cha maji ya sukari mkononi, lakini sikuwa na jasho wala mtetemeko, nikatoboa kidole na kupata 5.9. Kumbe nilikuwa nimeulalia mkono wenye kihisi, na mbano huo peke yake hutosha kushusha tarakimu.

Linalonitia hofu hasa ni funga. Mwaka jana ulivumilia kutetemeka hadi adhana ya magharibi, huku mkaza mjomba akikupangusa jasho kwa kanga yake. Miongozo ya madaktari husema sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.7, mtu afungue papo hapo, hata ikiwa imebaki robo saa.

Najua vihisi ni ghali, na hicho hudumu siku 14 tu. Basi tukitumie sasa, mwezi wa Shaabani: uandike ulichokula na saa ya dawa, kisha tumpelekee daktari aamue kama utafunga na dozi zipangweje. Tafadhali usijipunguzie dawa mwenyewe.

Ijumaa nikitoka msikitini nitapita kwako nikubandike nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Kitachukua dakika 60 kabla ya kuanza kusoma, na muda huo tutakunywa kahawa chungu barazani.