Barua kwa Hamisi

New York, 24 Septemba

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima. Nimeisoma barua yako mara mbili, hasa pale unaposema Idi hataki kurudi uwanjani tangu akose ile penalti. Imeniuma. Jana ilikuwa tarehe 23 Septemba, nikaenda Harlem, palipokuwa na uwanja wa besiboli ulioitwa Polo Grounds. Ulibomolewa mwaka 1964, sasa ni maghorofa ya kuishi. Zimebaki ngazi ndefu za kushuka kutoka mtaa wa juu. Nilizishuka nikimuwaza kijana mmoja wa miaka 19, Fred Merkle.

Siku kama ya jana, mwaka 1908, Giants wa hapa New York walikutana na Cubs wa Chicago, wakikabana koo kuwania ubingwa wa ligi. Katika besiboli, akishapiga mpira mchezaji hukimbia kupita vituo vitatu, na akirudi nyumbani, yaani pale anapopigia, ni bao. Fred Tenney wa Giants, anayelinda kituo cha kwanza siku zote, mgongo ulimuuma, ndipo Merkle akapangwa. Zamu ya tisa, ya mwisho, ubao unasoma 1–1. Giants wanapiga na wawili wao wameshatolewa. Akitoka wa tatu, zamu imekwisha. Mwenzao McCormick yuko kituo cha kwanza. Merkle akaupiga mpira vizuri, McCormick akafika cha tatu, yeye akasimama cha kwanza. Akaja Al Bridwell, akaupeleka mpira katikati ya uwanja, McCormick akakimbia hadi nyumbani. Bao! Watu wakamiminika uwanjani.

Merkle alikuwa anaelekea kituo cha pili. Kuona umati unamjia, akageuka na kukimbilia vyumbani bila kukigusa. Hamisi, wachezaji wa enzi zile walikuwa wakifanya hivyo kila siku na hakuna aliyewauliza! Lakini kanuni ilikuwapo: mwenzako akipiga mpira na kukimbilia cha kwanza ulipokuwa wewe, lazima ufike cha pili; mpira ukikutangulia hapo, umetoka, na ukiwa wa tatu kutoka, bao halihesabiwi. Johnny Evers wa Cubs aliijua. Mwezi uleule aliidai kule Pittsburgh mbele ya mwamuzi Hank O'Day, akakataliwa. Safari hii akapiga kelele aletewe mpira. Inasimuliwa kuwa McGinnity wa Giants aliunyakua akautupa kwa watazamaji. Evers akapata mpira, kama ni uleule au mwingine watu wanabishana hadi leo, akakanyaga kituo. O'Day akaamua Merkle ametoka. Giza linaingia, watu wamejaa uwanjani. Mchezo ukawa sare.

Ligi ikaisha timu zote mbili zikiwa na ushindi 98 na vipigo 55. Wakarudiana tarehe 8 Oktoba, Cubs wakashinda 4–2.

Kwa kanuni, O'Day hakukosea, hilo nakubali. Ila kumbebesha kijana mmoja msimu mzima ni dhuluma. Giants walikuwa wamepoteza michezo 55 kabla ya marudiano, na siku ile mpigo wa Merkle ndio uliomfikisha McCormick kituo cha tatu! Magazeti yakamwita bwege, na jina hilo likamwandama hadi alipofariki mwaka 1956.

Kocha wake, John McGraw, mtu mkali kwelikweli, hakumlaumu. Alimwongezea mshahara, akaendelea kumpanga. Merkle alicheza ligi kuu hadi mwaka 1926.

Msomee Idi hapo pa McGraw, tena mbele ya kocha wake. Picha ya ngazi nimeiweka humu, ni ya Idi.

Msalimie shemeji na mama.

Nduguyo,
Rashidi