Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: stoo imejaa, tuongee

Ndugu wanachama, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Hii ndo taarifa yangu ya mwaka kuhusu kikundi chetu cha kutengeneza kadi, albamu na picha kwa mabaki ya karatasi na vitambaa, nawatumia mapema muisome kabla ya mkutano ili siku yenyewe tusikae kusomeana makaratasi mpaka saa nane mchana. Hesabu za mapato na matumizi sizigusi humu, mweka hazina atazileta na risiti zake, ila kwa kifupi hatujala hasara na hatujatajirika, deni la mashine ya kukatia karatasi limeisha na mtaji upo. Mpigieni makofi mweka hazina, mnajua alivyo king'ang'anizi na bila hivyo tungeshakula zile hela kwa chai na vitumbua.

Mimi nataka kuongelea stoo tunayowekea hayo mabaki. Watu wa Moshi wametuelewa, tena wametuelewa kupita kiasi. Zamani tulikuwa tunazunguka masoko ya Memorial na Mbuyuni kuwabembeleza mafundi cherehani watupe mabaki ya vitenge, tunaokota maboksi nyuma ya maduka, sahivi watu wanaleta wenyewe, mtu anahama nyumba huko Shanty Town anashusha viroba vya vitabu mlangoni hata hodi hapigi. Na sisi kwa sababu ni bure tunasema asante, tunarusha ndani, tunafunga mlango. Masika ilivyoingia, si mnajua huku kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano hakuna kinachokauka, tukaja kufungua tukakuta yale maboksi ya chini yaliyokaa kwenye simenti yamelowa, ukungu umepanda mpaka kwenye manila mpya tulizonunua kwa hela yetu. Sasa hiyo bure iko wapi hapo? Na kila ikifika siku ya kuchambua wanaonekana wale wale wawili watatu, wanajijua, na ambao hamjawahi kuonekana pia mnajijua.

Naona watu wanachukulia kuchambua ni kazi ya kibarua, halafu kubandika na kupaka rangi ndo sanaa. Mimi sikubaliani kabisa. Kazi yetu ni kuchanganya vitu, karatasi juu ya kitambaa juu ya ganda la mgomba juu ya boksi, na kila kimoja kina tabia yake kikikutana na maji, joto au jua. Asiyejua ameshika karatasi gani atatengeneza kitu kizuri cha wiki mbili.

Mfano risiti za EFD, zile zinazotoka kwenye mashine ya kodi dukani. Kuna mwenzetu alizipenda kwa sababu ni nyembamba na zina vinamba vinamba, akabandika kwenye kadi zote za oda moja halafu akapitisha pasi ili zikae flati, kadi zikageuka nyeusi ti. Risiti ile haina wino, karatasi yenyewe imepakwa dawa inayobadilika rangi ikipata joto, ndo mashine inavyoiandika, na hata usipoipigia pasi maandishi yanafutika yenyewe baada ya muda. Kwa hiyo risiti za EFD stooni hapana. Gazeti nalo liko hivyo hivyo kwa njia yake, limetengenezwa kwa mbao iliyosagwa pamoja na ile lignini yake yote, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, jua likilipiga linakuwa njano na linakatika kama chapati ya jana. Gazeti tulitumie kwenye vinyago vya karatasi na kwenye majaribio, kwenye albamu ya harusi ambayo mtu anataka wajukuu waione, hapana. Kitabu cha zamani ukitaka kukijua kunja kona ya ukurasa mbele nyuma mara chache, ikidondoka ujue kitabu hicho kimekwisha, peleka kwenye ndoo ya kuloweka karatasi za kusagwa. Na kurasa zilizochapwa, za fotokopi zinavumilia gundi ya maji kwa sababu ule unga wake umeyeyushwa kwa moto ukashika, ila za printa ya wino wa maji zinavuja unabaki na vidole vya bluu.

La pili kwenye kuchambua ni majina ya watu, na hili lilitutia aibu. Tuliletewa furushi la fomu kutoka ofisi moja ambayo siitaji, karatasi nzuri nzito, nyeupe nyuma, tukazitumia kutengenezea viboksi vya kalamu. Siku ya soko mama mmoja anageuza kiboksi aangalie chini kilivyofungwa, anakutana na jina la shemeji yake, namba ya simu na kiasi cha mkopo anachodaiwa. Alicheka, lakini sisi hatukucheka. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na hata kama isingekuwepo, deni la mtu si urembo. Kuanzia sasa fomu, karatasi za hospitali, mitihani iliyosahihishwa, chochote chenye jina na namba, kinaingia ndoo ya kuloweka siku hiyo hiyo kinasagwa, hakilali stooni.

Sasa vitabu. Hapa najua kuna maneno yalipita pembeni kwamba mwenyekiti anabania vitabu, basi ngoja niseme wazi. Kukata kitabu sio dhambi, nimekata vingi kuliko nyie wote. Kamusi iliyokosa herufi nusu, diary za miaka iliyopita, katalogi za madawa ya mifugo, vitabu vya mitaala iliyoshafutwa, hivyo kata, chana, tia kahawa vikauke vionekane vya zamani (ila sio kwenye kazi ya kutunza, kahawa ina asidi). Kitabu cha kiada ambacho bado kinafundishiwa kinaenda kwa mtoto anayekihitaji. Biblia, Kurani, misale na vitabu vya nyimbo havikatwi, vinarudishwa kanisani au msikitini, na hapo sitaki mjadala kwa sababu tuko wa dini zote humu ndani na tunakula sahani moja.

Kilicholeta ubishi ni lile daftari la kahawa. Wengi hamkuwepo kwa hiyo nielezee. Lilikuja kwenye kiroba pamoja na majarida, daftari kubwa la kava gumu la kijani, mgongo wa kitambaa, ndani mistari myekundu: jina la mkulima, namba yake, kilo alizoleta, hela aliyopewa, na mwisho sahihi, na ambaye hakujua kuandika kaweka dole gumba la wino wa zambarau. Limeandikwa 1975. Mwandiko wa karani yule sijui alisoma wapi, herufi zimelala upande mmoja zote kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kijana wetu mmoja, fundi mzuri kweli, alishaweka rula na wembe juu ya ukurasa. Nikamshika mkono. Akasema mwenyekiti hii ndo mali, mzungu akiona dole gumba la zambarau analipa bila kuuliza. Ni kweli angelipa, lakini hebu fikiria ni kitu gani kile. Ushirika wa kahawa mlimani hapa una historia ndefu, KNPA, chama cha wakulima wenyeji wa kahawa, ilianza 1925, KNCU, muungano wa vyama vya ushirika, ikaja 1933, halafu 1976, yaani mwaka mmoja tu baada ya lile daftari, serikali ikavivunja vyama vya ushirika na vikaja kurudi kwa sheria ya 1982. Makaratasi ya kipindi kile yaliyobaki mikononi mwa watu ni machache na wenye vile vidole gumba wana watoto na vihamba, yaani mashamba ya ukoo, mpaka leo. Tulichofanya ni kupiga fotokopi kurasa chache, majina tukayaziba, na kwenye kazi tunatumia kopi. Daftari lenyewe limerudishwa kwa chama cha msingi chenyewe cha wakulima, limepokelewa kwa sahihi. Kijana alinuna wiki nzima akisema kopi sio orijino, lakini picha aliyoitengeneza, ya mkahawa wenye majani ya ile kopi iliyopakwa chai na tunda la kitenge chekundu, ndo iliuzika ya kwanza msimu wa marathoni mwezi wa pili. Kwa hiyo utaratibu ni huu, chenye mwandiko wa mkono kinapita kwangu au kwa katibu kwanza, kama hamtaki mimi chagueni mwingine lakini apite mtu.

Mali ambayo inapungua na hamjaigundua ni kadi za michango ya harusi. Miaka ile kila nyumba Moshi ilikuwa na rundo juu ya kabati, kadi nzito za kung'aa zenye maua ya dhahabu, ukikata unapata urembo wa kadi nyingine tatu. Sahivi kamati inakutumia picha kwenye simu na ukumbusho kila asubuhi, karatasi hamna. Nawaomba mlio nazo mzilete, hizo ndo nataka, sio viroba vya magazeti. Ila upande wa pili kupungua kwake kumetufungulia mlango, mtu ambaye amechangisha kwa simu bado anataka kitu kimoja cha kushika, kitabu cha wageni, albamu ya sendofu, boksi la kuwekea bahasha ukumbini. Hiyo ndo oda iliyotubeba mwaka huu kuliko watalii na mimi naona tuendelee huko. Mtalii ananunua kadi ndogo yenye mlima, anapita. Mchaga anayerudi nyumbani Desemba ananunua albamu kubwa ya ukoo na anamtuma mdogo wake aje kuchukua nyingine Januari.

Ila albamu zina adabu yake. Kuna oda ilirudi, makava yamepinda kama ulimi wa kiatu kikuukuu, na shida haikuwa gundi, ilikuwa nyuzi. Karatasi na boksi vina mwelekeo wa nyuzi, chana kipande, mchano unaonyooka umefuata nyuzi, unaoyumbayumba umezikata. Karatasi ikilowa gundi inatanuka zaidi kwa upande unaokata nyuzi, ikikauka inavuta, kwa hiyo nyuzi za kila kitu kwenye kava ziende sambamba na mgongo wa kitabu, zisipishane. Na ukibandika nje bandika na ndani pia ili pande mbili zivutane nguvu sawa, halafu weka chini ya matofali mpaka asubuhi, msimu wa baridi wa mwezi wa saba acha siku mbili. Kitenge nacho kabla ya kufunika kava kibandikwe karatasi nyembamba mgongoni kwanza, bila hivyo gundi inapenya inaacha madoa usoni.

Gundi yenyewe tumerudi kwenye uji wa ngano kwa kazi nyingi na ile nyeupe ya maseremala tunaiweka kwa migongo na boksi nzito. Koroga unga na maji ya baridi kwanza usipate madonge, pika mpaka ule weupe ugeuke kama kioo, chuja kwa kitambaa, tone la mafuta ya karafuu kuchelewesha ukungu. Pika ya leo, usipike ya wiki. Na msiache sufuria usiku, panya wa pale wanajua ratiba yetu.

Mifuko ya karatasi ya kawaida tumeiacha rasmi. Mifuko ya plastiki ilivyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 wengi walidhani tumepata ulaji, kumbe ile mifuko laini inayofanana na kitambaa ikaja bei ya kutupa, hatuwezi kushindana nayo. Tumebaki na mifuko ya zawadi ya karatasi za mifuko ya simenti, zile tabaka za ndani ni karatasi ya kaki imara sana. Ila jamani ikung'utieni nje, mkivaa barakoa na glovu, vumbi la simenti linachoma macho na ngozi, sio la kuchezea na watoto wakiwa karibu.

Mkutanoni nitaleta mapendekezo haya. Stoo iwe na zamu, majina ubaoni, asiyekuja zamu yake alipe faini itakayokubaliwa. Tununue chaga za mbao ili boksi lisiguse sakafu kabla masika haijafika. Mizigo ipokelewe Jumamosi tu na ichambuliwe hapo hapo mbele ya aliyeleta, tusichotaka aondoke nacho, hata kama ni shemeji yangu. Na nafasi ya mtunza stoo ipigiwe kura kama nafasi nyingine, sio anayekaa karibu ndo abebeshwe funguo.

Ada za mwaka mpya mpeni mweka hazina mkononi, sio kumtumia mimi. Na aliyeondoka na rula ya chuma ya mita moja airudishe kabla ya mkutano, sitauliza chochote, tunakatia na ubao wa kitanda.