Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vyungu vya Urewe Mikononi Mwetu

Ndugu wanachama,

Kama tulivyokubaliana katika mkutano mkuu uliopita, mwaka huu wote tuliutoa kwa vyungu vya Urewe, ambavyo wakulima wa pande za Ziwa Victoria, kuanzia Siaya hadi Kagera, Rwanda na Burundi, walianza kuvifinyanga yapata miaka 2,500 iliyopita. Habari za fedha ataziwasilisha mweka hazina.

Tulikanda udongo na mchanga, tukapanga kamba za udongo duara juu ya duara, tukazikandamiza hadi maungio yakapotea, kisha tukalainisha kwa kijiwe cha mtoni. Mabegani tulichora michirizi, na kitakoni tukabonyeza kile kishimo ambacho mwanaakiolojia Mary Leakey na wenzake, katika chapisho lao la mwaka 1948, walikitumia kuvipa vyungu hivi jina lao la awali, yaani vyungu vyenye kishimo kitakoni.

Vitatu vilipasuka motoni, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliharakisha kuchoma wakati vitako vilikuwa bado na ubaridi wa unyevu. Maji yaliyosalia hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea huupasua udongo. Ndiyo maana mfinyanzi hutia mchanga au vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vilivyopondwa, na huanika kivulini bila papara. Vilivyosalimika viliiva vyekundu, vyenye mabaka meusi pale kuni zilipovigusa.

Jambo linalonisumbua ni vigae. Kigae chenye masizi upande wa nje kinaonyesha kwamba chungu kiliwekwa jikoni, na mafuta ya chakula yaliyonyonywa na udongo huweza kudumu maelfu ya miaka, hata maabara ikatofautisha maziwa na nyama. Mwezi mmoja uliopita mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alituletea mfuko wa vigae alivyookota shambani, vyote vimesuguliwa kwa sabuni, naye hakukumbuka kipi kilitoka wapi. Niliumia sana, kwa sababu kigae kisichojulikana kilipolala hakiwezi tena kutueleza kilikuwa karibu na jiko, kaburi au tanuri la chuma.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba mwanachama akikuta kigae akiache pale pale, apige picha, aandike mahali, na atoe taarifa kwa makumbusho. Naomba mkutano uipitishe kanuni hii leo, kabla majembe hayajaingia shambani.