Usinunue Tabo Kwanza: Subaru Iliyopoteza Upepo Ghafla

"Fundi, tabo imekufa." Simu nyingi za wateja wetu wa Subaru huanza hivyo, na mara nyingi tabo yenyewe (turbo, feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa ndani ya injini) ni nzima kabisa. Juzi kati alitupigia mwenye Forester XT iliyofungwa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) kubwa ya mbele na ekzosi pana. Alishapita Ruaha Mbuyuni, akaanza kupanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori, akakanyaga mafuta apite. Akasikia "puu!" chini ya boneti. Kuanzia hapo gari halivuti, linatoa moshi mweusi, na akiachia mguu injini inazima. Mtu aliyemsaidia njiani akamwambia tabo imekwisha. Gari lilipofika kwetu Dar juu ya kerea, mwenyewe alikuwa ameshatoa advansi ya tabo ya mtumba kwa wauza vipuri wa Gerezani.

Tatizo lilikuwa mpira mmoja. Paipu ya alumini inayopita nyuma ya bampa ilikuwa imechomoka ndani ya mpira wake wa silikoni, lakini klipu imebaki mahali pake, hivyo ukichungulia kwa juu unaona kila kitu kiko sawa. Aliyetengeneza ile paipu aliikata tu kwa msumeno bila kuiwekea ukingo mwishoni. Mpira ukilowa oili kidogo, na huwa unalowa kwa sababu mvuke wa oili wa injini hupitia humo humo, paipu isiyo na ukingo huteleza kama sabuni siku ya kwanza utakayoikanyagia mlimani.

Kwa nini moshi mweusi? Sensa ya hewa iko mwanzoni kabisa, karibu na chujio. Ikishaihesabu hewa, kompyuta inapima petroli ya kutosha hewa ile. Sasa hewa ikitorokea katikati ya njia, petroli inakuja ya watu kumi na wageni waliofika ni sita. Inayobaki inatoka nyuma ikiwa moshi.

Kwa hiyo ukitupigia, swali letu la kwanza halihusu tabo. Tutakuuliza: geji inasomaje?

Presha ya hewa inayosukumwa na tabo wenye magari wengi wanaiita busti, sisi gereji tunaiita upepo tu. Kama umefunga geji ya upepo, na gari lililoongezewa vitu bila geji ni sawa na kupika gizani, mshale wake unatupa nusu ya jibu kabla hujafika. Mshale ukipanda kama kawaida lakini gari halivuti, upepo upo, tatizo liko kwingine: plagi zilizoisha, koili inayokufa, au petroli isiyofika ya kutosha. Plagi yenye uwazi mkubwa huwaka vizuri gari likiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), halafu upepo ukipanda cheche inazimwa na gari linaanza kumisi. Watu wameshabadilisha tabo kwa sababu ya plagi nne.

Mshale usipovuka sifuri kabisa, kuna kitu kimechomoka, kimepasuka, au tabo kweli haizunguki.

Kesi tunayoipenda ni ile ya katikati: gari lililokuwa likifika baa 1 (baa ni kipimo cha presha), ghafla linaishia kwenye nusu baa na kutulia palepale, kila siku, gia zote. Hiyo si tabo mbovu. Tabo mbovu haina nidhamu ya namna hiyo. Hapo gari linaendeshwa na springi ya westigeti peke yake, yaani ule mlango unaopitisha moshi pembeni ya tabo ili isizidishe. Kwa Subaru nyingi za kiwandani springi hiyo inashikilia karibu nusu baa tu. Kinachoongeza juu ya hapo ni solenoidi, vali ndogo ya umeme inayoidanganya westigeti kwa kuivujishia upepo wake kidogo. Soketi ya solenoidi ikichomoka, au solenoidi ikifa, unabaki na springi.

Na kuna jingine linalowapata waliopendezesha injini kwa mipira ya rangi. Ndani ya kimpira cha kiwandani kinachotoka kwenye tabo kwenda westigeti kuna kidude cha chuma, kidogo kuliko punje mbili za mchele, chenye tundu jembamba katikati. Kazi yake ni kubana upepo ili solenoidi iweze kuuvujisha. Fundi anatoa mipira myeusi ya zamani, anafunga silikoni nyekundu, anatupa ile ya zamani pamoja na kidude ndani yake. Gari linatoka linang'aa, halina nguvu. Wateja wawili walikuja kwetu na hilo mwaka huu, na wote waliapa kwamba "hakuna kilichobadilishwa, mipira tu." Ndiyo maana tunasisitiza: mpira wowote uliotolewa kwenye gari lako, uombe, uuweke kwenye mfuko, uje nao.

Kimpira hichohicho kikichomoka chote, mambo yanageuka. Westigeti haipati upepo wa kuifungua, tabo inapuliza bila kizuizi, na kompyuta ikiona presha imezidi inakata petroli. Dereva anahisi kama kuna mtu kakanyaga breki ghafla, kisha gari linaendelea, kisha linakatwa tena. Hata hii wanaiita "kupoteza upepo", kumbe ni upepo uliozidi. Usiendelee kulijaribu gari la namna hiyo ili "usikie vizuri". Injini inayopulizwa kupita kiasi inapasua pistoni haraka kuliko unavyoweza kuachia mguu. Ekzosi pana kupita kiasi bila kurekebisha programu ya kompyuta nayo inaweza kuleta hali hiyo, hasa usiku wa baridi.

Hatutafuti uvujaji kwa macho. Tunafungua njia ya hewa baada ya sensa, tunaziba mdomo wa tabo kwa kifuniko chenye vali ya tairi, tunajaza upepo wa kompresa polepole, hatuvuki baa 1, kisha tunanyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungio. Ni kazi ileile ya fundi pancha anayetafuta tundu la msumari. Povu halidanganyi. Mara nyingi linatokea mahali pasipotarajiwa: pembeni ya intakula ya juu, pale plastiki inapobanwa na alumini, kwenye ile vali ya "pshhh" (inayoachia upepo ukiondoa mguu kwenye mafuta) ambayo kiwambo chake kimechanika au springi yake ni laini kuliko upepo wa gari, au kwenye ufa wa paipu ya plastiki unaofunguka injini ikipata moto tu.

Povu lisipotokea popote, tunahamia upande wa moto. Gasketi iliyoungua kati ya injini na tabo huvujisha moshi kabla haujaizungusha tabo; asubuhi utasikia "tik-tik-tik" inayopungua chuma kikitanuka. Masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi) yaliyobomoka na kuziba njia ni kesi nyingine, ila hiyo huja taratibu, wiki kwa wiki, mpaka gari linakuwa zito kama limebeba saruji.

Mwisho kabisa ndipo tunaishika tabo yenyewe. Kucheza kidogo kwa shafti kwenda kulia na kushoto ni kawaida, kwa sababu shafti huelea juu ya oili. Usiruhusu mtu akuuzie tabo kwa kukuonyesha hilo tu. Ikicheza kuingia na kutoka, au makali ya feni yakiwa yamekwaruza nyumba yake, hapo kweli imekwisha. Na hata hapo hatufungi nyingine kabla ya kujua kilichoiua ya kwanza. Kwenye Subaru nyingi za tabo zenye AVCS (mfumo wa Subaru wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa vali), oili ya tabo hupita kwenye bolti yenye chujio dogo la waya ndani. Likiziba kwa uchafu, tabo mpya nayo itakauka na kufa, na utasema tumekuuzia feki.

Ikikutokea safarini, simama mahali salama na uzime injini. Pima oili kwanza. Kisha fuata paipu kutoka kwenye tabo hadi kwenye injini kwa mkono, si kwa macho, injini ikishapoa. Kilichochomoka unaweza kukirudisha kwa bisibisi, kukifuta oili na kukaza klipu, kisha ukatembea polepole bila kukanyaga hadi ufike. Lakini ukiona moshi wa bluu, au ukisikia sauti ya chuma inayolia kama king'ora, usiwashe tena. Ita gari la kuvuta. Oili inayoingia kwenye tabo iliyovunjika inaweza kuisha yote ndani ya kilomita chache, na hapo bili inakuwa ya injini nzima.

Ombi letu moja kabla ya kuja: usioshe injini. Wateja wengi hupitia kwanza pale wanapopiga maji, wanatuletea injini inayometa. Michirizi ya oili pembeni ya mpira ndiyo alama inayotuonyesha upepo ulipotokea, na ikishafutwa tunaanza upya. Lete gari asubuhi likiwa la baridi, na karatasi yenye orodha ya vilivyobadilishwa na lini, hata kama ni geji tu. Upimaji wenyewe huchukua nusu siku. Ada yake tunaitoa kwenye bili endapo utatengeneza kwetu. Yule wa Forester alirudishiwa advansi yake na wale wa Gerezani, ingawa alibishana nao siku mbili.