Umelala usiku?

Mwanangu Yohana,

Umelala? Naanza na hilo kwa sababu kwenye simu unajibu "mimi mzima, mama", kisha unaniuliza habari za mvua. Dada yako ameniambia yote. Usiku unaamka unapiga kelele, taa huzimi, na basi likipiga honi mikono inakutetemeka. Tangu ajali ya basi unatembea kwa miguu kutoka Nkuhungu mpaka sokoni ili usipande daladala, halafu Jumamosi upande basi la Mpanda kwenda kuripoti kazini?

Nimemuuliza nesi jirani yetu. Anasema hicho ni kiwewe, si uoga wala si jini. Mwili ulishatoka kwenye basi, akili bado imo mle, iko macho inangoja kishindo. Wengi hupoa wenyewe wiki za mwanzo, ila ukipita mwezi na hali ni ileile, hayo ni matibabu. Wewe huu ni mwezi wa tatu. Tiba yenyewe zaidi ni mazungumzo: unakaa na mtaalamu, mnalirudia jambo kidogo kidogo mpaka ulikumbuke bila kutoka jasho. Wengine hupewa na dawa. Na pombe hailazi mtu, Yohana. Hilo pia nimeambiwa.

Nenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapo Dodoma. Najua jina hilo linavyokukwaza, maana humu ndani lilikuwa tusi, na mdomo uliolitamka ni huu wangu. Hospitali ile ipo tangu 1927, na watu wanaenda kuonana na daktari wakarudi makwao. Baba yako alipotoka mzima kwenye ajali ya treni ya Igandu, Juni 2002, nilimwambia amshukuru Mungu, wenzake zaidi ya 280 wamezikwa. Akanyamaza, kama nilivyotaka. Mengine unayajua.

Umesoma mpaka chuo kikuu, UDOM, nakutaja kila ninapokaa. Lakini ukaidi huo umeutoa wapi? Waambie hao wa Mirembe kwamba unahama, wakuandikie barua uendelee na matibabu hukohuko Mpanda.

Jogoo nimemuuza. Nimekutumia elfu kumi ya bajaji, iko wazi pembeni, ukizidiwa unashuka. Ni ya Mirembe, si ya kitu kingine. Mlenda mkavu na unga wa uwele atakuletea dada yako Alhamisi. Yule mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja hanyonyi vizuri.

Ukitoka huko nipigie, hata nikiwa shambani.

Mama yako