Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Bonsai na Mawe ya Kutazama, Mbeya

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama, na wageni mliokuja kututazama kwanza kabla ya kuamua kujiunga: habari za asubuhi. Kwa wageni, bonsai ni mti wa kawaida unaolelewa uwe mdogo ndani ya chungu, na jiwe la kutazama ni jiwe la asili linalowekwa mezani litazamwe kwa umbo lake. Wa Iringa, kamwene. Wa Rungwe, ndaga fijo kwa kuamka mapema. Barua ya mwaliko ilisema saa tatu kamili. Akidi imetimia saa tano kasoro robo, tena baada ya katibu kuwapigia simu watu watano ambao wako hapa hapa mjini. Kwa hiyo nitasoma haraka yale mnayoyajua.

Tulishiriki Nane Nane katika uwanja wa John Mwakangale. Tulibadilisha udongo wa miti ya pamoja kabla ya mvua za Novemba. Tulikwenda Kiwira kutazama mawe ya mtoni. Waya wa kopa wa kukunjia matawi tumeendelea kuununua kwa mafundi wanaowaindi mota, tukauchoma wenyewe ili ulainike. Miti mitatu iliungua kwa baridi ya Julai hapa Uyole, mmoja wao ukiwa wangu. Tulimpoteza mzee wetu mmoja wa siku nyingi, Mungu amlaze mahali pema. Mengine yako kwenye kumbukumbu za katibu, anayetaka akasome.

Sasa nije kwenye jambo lililowafanya baadhi yenu msije vikaoni na wengine mje kwa nia ya kunisema. Mwezi Machi Kamati Tendaji, chini ya uongozi wangu, iliamua kufuta ile semina ya siku mbili iliyokuwa inatoa vyeti, na fedha yake ikaelekezwa kuwalea vijana wawili kwa miaka mitatu, wakae bustanini, wale, wapate posho, wajifunze kazi. Uamuzi huo nilihojiwa mimi peke yangu kana kwamba niliupitisha usiku. Kura zilipigwa. Waliokuwepo walikuwa wachache, ni kweli, lakini asiyekuja kikaoni hawezi kulalamika kwamba hakuulizwa.

Niwaulize: katika miaka yote ya semina, tumetoa vyeti vingapi? Vingi. Vimetundikwa sebuleni. Na ni wangapi kati ya wenye vyeti hivyo ambao leo ukiwapa mkuyu wa miaka minane wataweza kuukata mizizi na kuurudisha chunguni bila kuuua? Mimi nawajua wanne, na wote wanne walikuwa wanakuja bustanini kila wiki kabla hata ya semina. Cheti hakikuwafundisha kitu.

Kazi hii ina njia yake duniani, na si mimi niliyeibuni. Kule Japani kijana anayetaka kuwa fundi anahamia kwa bwana wake, kwa kawaida miaka mitano, kisha anaongeza mwaka mmoja wa kumtumikia kama shukrani. Miezi ya mwanzo hagusi mkasi. Anafagia, anang'oa magugu, anamwagilia. Wenyewe husema kumwagilia tu ni somo la miaka mitatu. Masahiko Kimura, ambaye leo anaitwa mchawi wa bonsai, aliingia bustani ya Toju-en pale Omiya akiwa na miaka 15 na akakaa 11 chini ya Motosuke Hamano. Ryan Neil, Mmarekani, alikaa kwa huyo huyo Kimura miaka sita kabla ya kurudi Marekani na kufungua bustani yake Oregon. Sisi tumeomba mitatu, na kelele zimefika Mafinga.

Kuna ndugu aliyesimama kikao cha Juni akasema John Naka hakuwahi kuwa mwanafunzi wa ndani wa mtu yeyote, alikuwa mtunza bustani za watu Los Angeles, na bado akawa mwalimu wa nusu ya Marekani. Hoja nzuri, na nilifurahi kuona mtu amesoma. Lakini asome hadi mwisho. Naka alizaliwa Colorado mwaka 1914, akapelekwa Japani akiwa na miaka minane, na aliyemfundisha ni babu yake. Mtoto anayekua nyumba moja na babu anayejua miti, huo ni uanafunzi wa ndani, ila haukuwa na mkataba. Ule msitu wake wa miti kumi na moja unaoitwa Goshin, mti mmoja kwa kila mjukuu, ulioko kwenye makumbusho ya Washington tangu mwaka 1984, haukutoka kwenye semina ya Jumamosi na Jumapili.

Sasa lile la pili, ambalo limesemwa zaidi kwenye grupu la WhatsApp kuliko mbele yangu: kwamba vijana wanamwagilia miti ya mwenyekiti. Bustani ya mafunzo iko nyuma ya nyumba yangu, hilo si siri, nililisema mwenyewe. Chama hakina kiwanja. Tuliomba eneo kwenye ofisi moja ya umma, tukaambiwa tulete barua, tukapeleka barua, tukaambiwa tulete barua nyingine. Kwangu kuna nafasi na kuna kisima. Mafundi wa Tokyo baada ya tetemeko la 1923 walihama mji kwa sababu hizo hizo, wakitafuta nafasi, maji na hewa safi, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji cha bonsai cha Omiya. Sikutoza kodi. Umeme wa pampu nalipa mimi. Miti yangu iko upande wa mashariki, ya chama iko magharibi, na vyungu vya chama vina alama ya rangi nyekundu. Anayetaka kuhesabu aje, chai ipo.

Naomba mjue vijana hao wanafanya nini. Binti anatoka Mafinga, amekulia kwenye vitalu vya misindano kule Sao Hill, kwa hiyo mche haumtishi. Miezi mitatu ya kwanza alichekecha udongo. Tunatumia mawe mepesi ya volkano ya Rungwe badala ya akadama, ule udongo wa Japani wanaouagiza wenzetu matajiri. Machekeche ni matatu, tundu kubwa, la kati na dogo, na vumbi linalopita lote linatupwa, kwa sababu vumbi likibaki linaziba chungu chini, maji yanasimama na mizizi inaoza. Siku moja nilimkuta ameacha kopo la maji, ameingiza kidole chunguni hadi kifundo cha pili, halafu akapita bila kuumwagilia mti ule. Alikuwa sahihi. Mwanachama mwenye cheti, aliyekuwa mgeni wangu siku hiyo, akaumwagilia nyuma yake.

Sasa binti ameanza kukunja matawi kwa waya. Mkwaju wake ameukunja taji bapa kama la mgunga, mtindo ambao wenzetu wa Afrika Kusini wameukuza pamoja na ule wa umbo la mbuyu, kwa sababu mti wa savana hauna haja ya kujifanya msindano wa milimani.

Kijana wa Tukuyu yuko upande wa mawe. Hapa ndipo mwanachama mmoja aliuliza, watu wakacheka, kama sasa chama kinalipa mtu kumwagilia mawe. Jibu ni ndiyo. Jiwe la kutazama halisuguliwi kwa mashine wala halipakwi vanishi ili ling'ae. Linawekwa nje kwenye meza, jua na mvua vinalipiga, linamwagiwa maji mwaka hadi mwaka, ndipo ngozi yake inakomaa. Yule aliyepaka vanishi mawe matatu ya Nane Nane na kuyauza anajijua, na fedha hiyo haikuingia kwenye hesabu za chama.

Kazi kubwa ya kijana ni kigoda cha jiwe, kile Wajapani wanachokiita daiza. Anachukua kipande cha mninga, anapaka chaki tumbo la jiwe, analikalisha juu ya mbao, analinyanyua. Pale chaki ilipoachia alama ndipo panapogusa, anapachonga kidogo kwa patasi, anarudia. Nimemwona akirudia asubuhi nzima kwa jiwe lisilozidi kiganja. Likikaa sawasawa halitikisiki hata ukigonga meza. Seremala wa mtaani kwangu, mtu wa makabati na milango, alikuja kutazama akaomba amfundishe. Huo ni ufundi unaojitegemea. Kuna watu nje wanaishi kwa kuchonga vigoda tu, hata mti mmoja hawana.

Tawi la Iringa wameandika kwamba wana mawe mazuri zaidi, na hawaoni kwa nini Mbeya iwanyang'anye kazi ya mawe. Nakubali mawe ni mazuri. Lakini nimesikia Isimila ikitajwa kama mahali pa kuyaokota. Pale ni eneo la kale, pana zana za mawe za watu wa zamani, na hata kokoto haiokotwi. Vivyo hivyo kwenye hifadhi za Rungwe na Kitulo, hakuna kung'oa mti wala kubeba jiwe. Mwanachama akikamatwa huko, chama hakitamjua. Mkuyu unaota kwa kipandikizi, mkwaju unaota kwa mbegu, subira tu.

Mmeuliza pia vijana watakula nini wakimaliza. Hakuna anayetajirika kwa kuuza mti mmoja. Fundi anaishi kwa kutunza miti ya watu wengine. Kwenye maonyesho ya Kokufu pale Tokyo, yanayofanyika tangu 1934, mti mwingi ni wa tajiri fulani na mikono iliyouandaa ni ya fundi. Hapa kwetu tumeanza na kumbi za harusi na hoteli mbili zinazokodi miti. Mkuyu mmoja ulirudi ukiwa umemwagiwa soda na kuchomekwa maua ya plastiki, lakini walilipa.

Hesabu. Tulianza na 640,000. Ada 570,000, viingilio 30,000, mauzo ya Nane Nane 412,000, kukodisha miti 350,000, jumla shilingi 2,002,000. Matumizi: posho za vijana wawili kwa miezi kumi 800,000, banda na usafiri wa Nane Nane 265,000, waya, vyungu na vifaa 318,000, chai za vikao 146,000, karatasi na vocha 58,000, jumla 1,587,000. Salio 415,000. Mweka hazina ana risiti zote isipokuwa za bodaboda, ambao hawatoi.

Mkiitazama ada mtaona jambo. Ni 30,000 kwa mwaka. Daftari lina wanachama 47. Waliolipa ni 19. Kikao cha Juni walikuja 11, cha Septemba 14. Kwenye pilau ya Desemba walikuja 41, wengine na watoto, na mmoja aliomba afungiwe. Hao 28 wasiolipa ndio wanaopiga kelele zaidi kuhusu posho ya 40,000 ya kijana kwa mwezi. Wangelipa, tungekuwa na 840,000 zaidi, na kijana wa tatu angekuwa tayari anachekecha udongo. Katiba inasema asiyelipa miaka miwili anafutwa. Sijaitumia ibara hiyo kwa kuwa nawaheshimu wazee, lakini ipo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata eneo letu, kufanya maonyesho ya ukumbini mjini, na kuendelea kuulizia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kama ufundi huu unaweza kuingia kwenye urasimishaji wa ujuzi. Kuna wazo pia la kumwalika fundi kutoka nje, hali ya fedha ikiruhusu. Vijana wataendelea hadi miaka mitatu itimie. Hilo Kamati haitalirudisha mezani.

Mweka hazina amekaa karibu na mlango, na kitabu cha risiti kiko wazi. Naomba kuwasilisha.